Samadi ya Shemeji

Watu walimwita Mama Samadi, na mwanzoni walimwita hivyo kwa kumcheka. Aliyeanza ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alimtupia virago nje matanga hayajaisha, akalichukua shamba la mtoni ambalo mjane na mumewe walilitolea jasho, kisha akapita mitaani akisema mwacheni aende akale samadi. Haya, akaenda. Yeye na wanawake wenzake wachache waliingia kwenye jalala nyuma ya kinu cha zamani cha unga, wakaokota chupa na matairi mpaka ardhi ikaonekana, wakaanza kuirutubisha kwa maganda, majani makavu na kinyesi cha ng'ombe. Wenzake walikuwa wanafikiria njaa ya watoto. Yeye alikuwa anamfikiria shemeji.

Kila Jumamosi walipanga mboga juu ya meza ndefu. Mwenye nacho alilipa, asiye nacho alichukua, na kapu lilikuwa lile lile; hapakuwa na mchicha mbichi wa wenye pesa na mchicha ulionyauka wa maskini. Na haulizwi mtu. Ukimuuliza mtu kwa nini hana, Mama Samadi alikufukuza mezani hata kama mchicha umeupanda wewe.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuja kila Jumamosi. Alikuwa mchumaji wa nyanya kwenye mabanda ya plastiki ya kaka yake yule yule aliyemfukuza mjane, maana ndiyo kazi iliyokuwepo, lakini siku ya virago ni yeye peke yake aliyesimama na mjane, akambebea godoro.

"Wifi, mchicha wako una mchanga," humtania.

"Ndiyo maana nakupa wewe mwenye meno ya kusagia," Mama Samadi humjibu.

Sasa, msimu uliopita shemeji alileta lori la samadi, na salamu kwamba ni kwa ajili ya marehemu. Mama Samadi akalainika, na hapo ndipo alipokosea. Pale shambani samadi ngeni haiingii kwenye tuta kabla ya kupimwa: unaitia kwenye kopo, unapanda maharage, unangoja uone majani. Kuna dawa ya magugu inayopuliziwa nyasi. Ng'ombe akizila, dawa inatoka kwenye kinyesi chake ikiwa nzima, na maharage yakiionja yanajikunja. Alishawagombeza wenzake kwa jambo hilo mpaka wakamchoka. Siku hiyo machozi yalimjaa, akasema mwageni tu.

Maharage yakajikunja, nyanya zikajikunja. Wakakwangua udongo wa juu na kuurundika pembeni pamoja na samadi iliyobaki, na msimu mzima meza ikawa ya kabichi tu, watoto wakirudi nyumbani na makapu yanayopwaya. Kwa aibu ya kosa lake akawaambia watu ni ugonjwa. Kisha dereva wa lori akalewa, akasimulia huku anacheka jinsi shemeji mtu alivyojua vizuri anachompelekea mjane. Habari ikamfikia Mama Samadi.  Alilifunika lile rundo kwa turubai, akalitunza kama mboni ya jicho.

Haikuchukua muda. Wenye majumba walionunua nyanya za shemeji wakaanza kudai nyanya zisizo na dawa, na mboji ya Mama Samadi ilikuwa inasifiwa soko zima. Shemeji akamtuma dereva yule yule akaulize kama atauziwa lori moja. Mwanamume huyo hakuwahi kupima samadi maishani mwake; na kwa kuwa mjane alisema ni ugonjwa, hakushuku kitu.

"Mwambie kwa familia siuzi," Mama Samadi alimwambia dereva. "Naitoa kwa ajili ya marehemu."

Akafunua turubai, akaichekecha ile samadi mwenyewe, akaichanganya na udongo mweusi mpaka ikapendeza kutazama. Wifi yake akamkuta hapo.

"Wifi, hiyo si ile samadi ya kaka?"

"Imeshaiva," alisema Mama Samadi bila kuinua uso. "Haina neno."

Wifi akamwamini, na kesho yake ndiye aliyeisambaza kwa beleshi kwenye mabanda, yeye na wachumaji wenzake.

Loo, raha aliyoipata mwanamke yule nyanya zilipoanza kujikunja! Msimwonee haya, yeye mwenyewe hakuona. Alikwenda sokoni kwa njia ya mbali ili tu apite kando ya mabanda. Alilala usingizi mnono, akaamka anaimba. Mwishowe shemeji akaja, akasimama nje ya uzio, suruali imejaa tope.

"Umenimaliza, shemeji. Ile mbolea ulijua ina nini."

"Ina nini?" Mama Samadi aliegemea jembe. "Sema, watu wasikie. Sema ina nini, na ilitoka kwa ng'ombe wa nani."

Wanawake waliokuwa wakipalilia wakanyoosha migongo, wakamtazama. Shemeji akageuka akaenda zake. Hata angepewa dhahabu, Mama Samadi asingekubali kuikosa raha ya kuuona ule mgongo ukiondoka.

Jumamosi foleni ya mezani ilikata kona ya kinu. Wachumaji wote wa mabanda walikuwemo, wamesimamishwa kazi, wamekuja na watoto wao. Mboga ziliisha foleni haijafika nusu. Wa mwisho alikuwa wifi yake, na leo hakutania.

"Yeye ana shamba la mtoni, ana ng'ombe, atapanda tena," alisema taratibu. "Mimi niliimwaga kwa mikono yangu, kwa sababu ulisema imeiva."

"Nilikuwa namlenga yeye, wifi."

"Najua uliyekuwa unamlenga."

Mama Samadi alitaka kusema anajuta, na kwa wifi huyu alijuta kweli. Lakini akiukumbuka ule mgongo wa shemeji, raha ilimpanda tena yenyewe, na wifi aliiona usoni pake. Basi akasema lililokuwa rahisi: ardhi bado ipo nyuma ya kinu, waje wote walime, hakuna atakayelala njaa.

Wifi aliitazama meza tupu, akalichukua jembe lililoegemezwa ukutani. Kule kwenye mabanda kaka yake hakutaka kuitwa kaka wakati wa kazi, hata na yeye dada yake wa tumbo moja. Alitaka aitwe tajiri.

"Haya, tajiri," akamwambia mke wa marehemu kaka yake. "Nianzie tuta gani?"