Upanga Ulioungua

Siku sita tangu mjukuu wake azaliwe, Orie Hatakeda alikuwa hajala mlo wa kukaa chini. Mwanamke aliyewapikia wanafunzi mia tatu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na minane sasa aliishi kwa chai na matonge ya wali aliyoyameza amesimama. Na saa nane ile ya mchana, mvua ya mwezi wa sita ikimwagika bila haya, alikuwa amesimama mbele ya duka la panga za kale katika mtaa wa nyuma wa mji wa Seki, bahasha ya yeni ameibana kwapani, anausukuma mlango, hausogei, anauvuta, hausogei. Ulikuwa mlango wa kutelezesha, kama milango yote ya mtaa ule na kama wa nyumbani kwake mwenyewe. Wasiwasi ni kitu kibaya.

Kesho yake ilikuwa siku ya saba, siku ya mtoto kupewa jina. Katika ukoo wa kina Orie jina hutolewa upanga mfupi wa kinga ukiwa umelazwa kando ya godoro la mtoto, ili mabaya yapite mbali. Upanga wa kwao babu yake aliuuza mwaka wa njaa, baada ya vita. Mtoto mwenyewe hata hakuwa nyumbani. Alikuwa njiti wa wiki ishirini na saba, gramu mia tisa na kumi, amelala hospitalini ndani ya kitanda cha kioo, na mara moja tayari alikuwa ameacha kupumua akarudishwa. Kwenye kadi ya kitanda paliandikwa tu "Mtoto wa Chinatsu", kwa kuwa Chinatsu, binti yake Orie, alikataa katakata kulitamka jina.

"Jina ninalo, mama," alikuwa amesema juzi, uso ameugeuzia ukutani. "Lakini nikilitamka halafu akaenda, nitabaki na jina la kulilia. Acha tu."

Alichokuwa nacho Orie ni akiba kidogo na ukaidi wa wapishi. Akajiambia kwamba upanga ukiwepo nyumbani, kando ya kigodoro kinachomngoja mtoto, Chinatsu atapata moyo wa kumpa mwanawe jina. Hakumwambia mtu yeyote, maana aliogopa kuchekwa.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani na mwenye duka mwenyewe, mzee Inokuma, mtu mkavu wa miaka themanini aliyesema na wateja kama mwalimu wa zamu.

"Unanivunjia mlango, mama. Umewahi kununua upanga?"

"Sijawahi. Visu vya jikoni tu."

"Basi leo hununui. Anayeanza hanunui siku ya kwanza. Anatazama panga mia, ndipo ananunua mmoja."

"Mia! Mzee wangu, mimi nina mpaka kesho."

"Kesho kuna nini, vita?"

"Kuna mjukuu," alisema Orie, na sauti ikamkatikia hapo hapo.

Inokuma alimtazama, akatazama maji yaliyokuwa yakimchuruzika sakafuni, akavuta mto wa kukalia akampa. Kisha akaenda nyuma na kurudi na panga tatu fupi, kila moja ndani ya mfuko wake wa hariri, akazipanga juu ya kitambaa cheupe.

"Kununua ni mbali. Kutazama nakuruhusu," alisema. "Kwanza uinamie, ni mkubwa wako kwa miaka mia nne. Chuma usikiguse kwa kidole, jasho lako ni kutu ya kesho. Na ukishaushika ukiwa uchi, funga mdomo. Tone moja la mate likidondoka, mwezi ujao nitaliona."

"Na kupumua je?"

"Pumua, ila kwa upande." Hakutabasamu. "Na hadithi usinunue. Muuzaji akianza kukuambia huu ulikuwa wa bwana fulani wa ngome fulani, shika mfuko wako uende zako. Kinachonunuliwa ni chuma, si ngano."

Upanga wa kwanza ulikuwa mzuri wa kutisha, Orie akaurudisha haraka. Wa pili ulimlemea mkono. Wa tatu ulizidi shubiri kidogo tu, mwembamba, mwepesi, na ulipotoka kwenye ala yake ulimkaa mkononi kama kisu chake cha kukatia vitunguu, kile alichokwenda nacho kazini miaka yote. Aliinua makali juu kama alivyoelekezwa, akaugeuzia taa. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, mabega yalimshuka.

Ndipo simu ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba.

Orie aliganda. Upanga ulikuwa uchi mikononi mwake, mdomo amekatazwa kuufungua, na hakujua kuurudisha kwenye ala bila kujikata. Simu ilitetemeka, ikanyamaza, ikaanza tena. Simu za hospitali ndivyo zilivyo, alifikiri, hupigwa mara mbili. Alimkodolea macho Inokuma kama mtu anayezama, na mzee, kwa mikono isiyo na pupa hata kidogo, akaupokea upanga.

Alikuwa Chinatsu. "Aliacha kupumua tena, mama. Ile mashine ikalia, nesi akamsugua mgongo, akamsugua... Amerudi. Sasa hivi anapumua. Uko wapi wewe?"

"Nakuja," alisema Orie, akakata simu na kumgeukia Inokuma. "Ule wa tatu. Nipe ule."

"Ule hapana."

"Mzee, usinitese."

"Nakutesa kwa faida yako. Muuzaji asiyekutajia kasoro, mkimbie. Basi nakutajia: huu uliungua. Ghala lilishika moto zamani, na moto ukishaupitia upanga, ule ugumu wa makali hutoka wote, kinabaki chuma cha ukulima. Baadaye mhunzi fulani aliutia motoni tena, akauchovya majini, makali yakarudi. Dawa ya moto ikawa moto. Lakini wajuzi hawautaki. Upanga wa namna hii wanauita maiti. Nikikupa hata kwa bei ya sufuria, nitakuwa nimekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Orie hakusikia habari ya sufuria wala mbuzi. Alisikia neno maiti. Mtoto alikuwa amekata pumzi, na saa hiyo hiyo bibi yake alikuwa ameshika maiti mkononi na kuipenda. Alitoka bila kuaga, mwavuli akauacha.

Alifika hospitali amelowa chapa, akanawa mikono mpaka viwikoni, akavishwa vazi safi la wageni juu ya nguo zake. Chinatsu alikuwa ameketi kando ya kitanda cha kioo, kidole amekipitisha kwenye kidirisha chake, na mtoto amekishika kwa kiganja kisichotosha kukizunguka.

"Nguo zako zina nini? Ulikuwa wapi?"

Orie alikuwa amepanga kudanganya, lakini alichoka mno. Akaeleza yote kwa kunong'ona, macho chini: duka, panga mia, mkono uliopenda vibaya. "Nilitaka kumletea kinga," alisema, "nikaenda kuchagua kilichokufa. Nisamehe, mwanangu."

Mashine ilikuwa ikihesabu pumzi.

"Panga zilizoungua si hutupwa?"

"Nyingi, nadhani."

"Huu mbona hawakuutupa?"

"Sijui. Labda kulikuwa na mtu aliyekataa."

"Na kurudishwa motoni, kisha majini... si ungepasuka?"

"Ungeweza. Haukupasuka."

"Unakata?"

"Mzee anasema makali yalirudi."

Chinatsu aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. "Umemsikia bibi yako, Konomi?" alisema. "Konomi. Umesikia?"

Orie hakuthubutu kujitikisa. Chinatsu naye alionekana kushtuka na sauti yake mwenyewe, akaweka mkono mdomoni, kisha akautoa polepole. Mtoto aliendelea kushika kidole.

"Mama," alisema Chinatsu, machozi yakimtiririka bila kuyajali, "lile duka linafungwa saa ngapi?"

Lilifungwa saa kumi na moja. Orie alifika ikiwa imebaki dakika nne, hana pumzi, na safari hii mlango aliutelezesha. Mwavuli wake ulikuwa umekaushwa na kukunjwa kizingitini.

"Nimeutazama mara moja, na kasoro yake naijua," alisema kabla Inokuma hajafungua mdomo. "Nipe huo huo."

Mzee alimtazama sana. Hakumtajia panga mia. Alitoa cheti cha upanga, kisha karatasi ya kupelekwa ofisi ya mkoa, maana kila upanga ukibadilisha mikono serikali hutaka kujua uko kwa nani.

"Jina la mwenye upanga," alisema, akimsogezea kalamu.

Orie aliandika jina la ukoo wa mkwewe, baba wa mtoto. Halafu akaandika Konomi. Hata kadi ya kitandani ilikuwa bado haina jina hilo. Ndiyo kwanza linaandikwa duniani. Alilia juu ya karatasi, na Inokuma hakumkataza.

Mzee aliisoma. "Huyu ana umri gani?"

"Siku sita."

Inokuma aliuinamia upanga, akaupaka mafuta, akaurudisha kwenye ala na kuufunga ndani ya mfuko wa hariri kwa fundo alilolirudia mara mbili.

"Mwambie hivi," alisema bila kuinua macho. "Safari hii nimemwachia kwa sababu ya mvua. Akija mwenyewe kununua wa pili, atatazama panga mia kwanza, kama watu wote."

"Nitamwambia," alisema Orie.