Asmini ya Shangazi Mbeyu

Hapa Timbwani hakuna mti niliouwekea mkono ukakataa kuota. Nikichomeka fimbo leo, keshokutwa unakaa kivulini mwake. Ndivyo nilivyomtambia Shangazi Mbeyu aliponiomba niipogoe asmini yake iliyotambaa barazani. Ilikuwa imerefuka ovyo: juu majani, chini mifupa mitupu.

"Kata ncha tu, Ngowa," akasema. "Ncha ikikatwa itachipua pembeni, ijae. Shina usiliguse."

"Shangazi, kilimo nimesoma mpaka kidato cha nne. Wewe nenda kanisani kwa amani."

Akaenda. Nikakata ncha, nikanogewa. Nikashuka kwenye matawi makavu. Chini kabisa palikuwa na kitu cha kijivu, kigumu, hakina hata jani. Hiki kimekufa zamani, nikasema, nikakibana kwa mkasi. Kwachu! Ndani kijani kibichi, kinatoa maji.

Ndilo lilikuwa shina.

Nikalirudishia mahali pake, nikalifunga kitambaa, nikarundika udongo juu. Shangazi aliporudi akanisifu sana. Chai yake niliinywa kama dawa.

Kabla ya wiki kwisha, asmini nzima ilinyauka. Shangazi akashika kiuno.

"Ni Jumwa huyu! Juzi kasimama hapa hapa: 'Mbeyu, asmini yako inavyonukia!' Jicho lile!"

Bi Jumwa ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Hajapata kupika mahamri asituletee.

"Kwani jicho lina makali kuliko mkasi, Shangazi?" nikatania.

"Lina makali!" akajibu, na bakuli la mahamri la siku ile likarudishwa vile vile lilivyokuja.

Tangu hapo Bi Jumwa akisalimu, shangazi haitiki. Nami kila asubuhi ninamwagilia kuni, macho chini.

Leo Bi Jumwa amesimama ukutani.

"Shikamoo, Bi Jumwa."

"Marahaba. Maji hayo hayafiki popote, mwanangu. Shina umelikata."

Nikaacha kumwagilia.

"Nilikuwa nafagia uani. Nilikuona ukikata, nikakuona ukifunga kitambaa kama unauguza kidonda."

"Mbona hukumwambia shangazi?"

"Nikisema mimi, si ataona mwenye jicho anajitetea? Nakungoja useme wewe."

Nyuma yangu mlango ukalia.

"Anakungoja useme nini, Ngowa?" akauliza Shangazi Mbeyu.