Betri za Mama kwenye Begi la Meneja

Meneja hakuwa meneja wa kitu chochote. Aliwahi kukaimu nafasi hiyo kwenye duka la vigae, bosi wake alipolazwa, na bosi alipopona akarudi kukalia kiti chake. Jina tu ndilo lililobaki, limemganda kama kupe, na mwenyewe hakuwa na haraka ya kulibandua. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alilitamka jina hilo kama mtu anayetema kokwa. Tena alilitamka kwa watu wengine tu, maana yeye na Meneja hawakuwa wakisemeshana.

Chanzo kilikuwa karamu moja ya ukoo. Mbele ya wageni waliokwisha kushiba, Meneja alitangaza kwamba dada yake aliachwa na mume kwa sababu ya ulimi wake. Watu wakacheka. Fundi akaweka sahani chini taratibu, na tangu siku hiyo hakumpa ndugu yake hata salamu. Sasa, wote wawili waliishi nyumba moja na mama yao, na geti lazima lifungwe, na gesi lazima inunuliwe, kwa hiyo maneno yalitafuta njia, yakapitia kwa mama. "Mama, mwambie mwanao afunge geti." Mwanao mwenyewe yuko papo hapo anatafuna, na masikio yake yote mawili ni mazima. Mama anageuka: funga geti, baba. Na Meneja naye, debe tupu lile: "Mama, mwambie binti yako nimeshafunga." Mapafu ya mama yalipoharibika, hakuna aliyeona sababu ya kubadili utaratibu.

Ndipo ikaja safari. Baada ya kungoja sana, mama alipata nafasi kwa daktari bingwa wa mapafu kwenye mji wa mbali, ambako kwa barabara asingefika mzima. Kwa ndege angefika, ila awe na mashine yake ya kupumulia, ile ya kuning'inia begani inayonguruma kama friji dogo. Mashine hiyo ilikula betri, na watu wa shirika la ndege walikuwa wamemweleza Fundi kwa simu bila kupindisha: mgonjwa asiye na betri za akiba za kutosha safari nzima na ziada juu yake, haruki. Tena betri hizo ni za lithiamu, zikae ndani na abiria, zisishushwe kamwe chini kwenye mizigo. Moja ikianza kuwaka ndani, wapo watu wa kuiona na kuizima. Ikiwaka kule chini katikati ya masanduku, atakayejua ni nani?

Fundi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliziba ncha za chuma za kila betri kwa utepe, zisije zikagusana na funguo zikapiga shoti, halafu akaishonea kila moja kifuko chake kwa vipande vilivyobaki vya sare za shule. Wakati yeye anashona, msafiri mwenzake alikuwa anajiandaa kwa namna yake. Meneja alikuwa amenunua kile kimto cha shingoni, akakivaa tangu asubuhi, akanywea chai kikiwa shingoni. Fundi alimtazama kupitia mlango wa jikoni akajiuliza mama alikosea wapi.

Begi la Fundi lilijaa pomoni, mashine na dawa na nguo za mama. Begi la Meneja, dogo la magurudumu, lilikuwa wazi sebuleni na jozi mbili za viatu vya kung'aa, kwa mtu anayekwenda kukaa kwenye benchi la hospitali. Fundi akasukuma viatu pembeni, akazipanga betri chini ya koti lililokuwa humo. Kisha akaenda chumbani kwa mama.

"Mama, mwambie mwanao betri zako nimezitia kwenye begi lake, chini ya koti. Lisimtoke mkononi. Na wakimlazimisha lishushwe chini, atoe betri kwanza."

Mama alikuwa kitandani anafunga kilemba, mrija wa hewa puani. Akaitikia kwa kichwa. Meneja alikuwa nje ya dirisha la chumba hicho, anafuta vumbi jozi ya tatu ya viatu, ya kuvaa. Kupaza sauti kidogo tu kungetosha. Fundi hakuipaza, kwa nini aipaze? Utaratibu ulikuwepo.

Kwenye teksi utaratibu uliendelea. Mwambie mwanao asogeze miguu. Mwambie binti yako gari si lake. Mama alikaa katikati yao akapokea na kupeleka, na kila alipopeleka alivuta hewa kwanza. Siku hizo alikuwa anafupisha. Neno refu likiingia kwake, hutoka kipande. Karibu na uwanja wa ndege alimgeukia Meneja, akamgusa goti, akamwambia, "Na begi lako, uliangalie." Meneja akacheka, akamuuliza kama amesahau anasema na nani, yeye mzoefu wa anga. Mzoefu huyo alikuwa amepanda ndege mara mbili maishani mwake, na moja ilikuwa ya kurudi.

Ndege ilichelewa. Mashine ikanguruma ukumbini ikila betri iliyokuwa ndani yake, hadi taa ya kijani ikawa ya njano. Fundi hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa za akiba zilikuwepo. Abiria wa kiti cha magurudumu wakaitwa kwanza, akamsukuma mama mpaka chini ya ngazi za ndege, na kutoka hapo mama akapanda kwa miguu yake, akipumzika kila baada ya hatua chache, huku mhudumu akimshika mkono. Meneja alibaki kwenye foleni, na kimto shingoni.

Yaliyotokea kwenye foleni Fundi aliyajua baadaye kidogo, wala hakuyaona ya ajabu. Ndege ilikuwa ndogo na imejaa, kwa hiyo mabegi yote ya magurudumu yalitakiwa kushushwa chini. Mhudumu akamuuliza kila mtu: kuna betri humo, kuna pawabenki, kuna sigara ya umeme? Meneja akafungua mfuko wa nje wa begi, akatoa pawabenki yake, akaiinua juu watu waione, akawahutubia waliokuwa nyuma yake juu ya abiria washamba wanaohatarisha maisha ya wenzao. Halafu akasema humo hamna kingine. Na kwa kuwa mama alimwambia aliangalie begi lake, aliomba libandikwe karatasi ya kuwa lishikwe taratibu.

Fundi alimwona anaingia mlangoni akiwa mikono mitupu, anatabasamu kulia na kushoto kama bwana harusi.

"Mama," akasema upesi, "muulize mwanao begi lake liko wapi."

Mama alikuwa ameegemea dirisha, kifua kinapanda na kushuka kwa sababu ya ngazi. Taa ya mashine ilikuwa imegeuka nyekundu. Hakugeuka.

"Mama. Muulize."

"Muulize mwenyewe," mama akasema.

Kupitia dirisha Fundi aliona kitoroli cha mizigo kimeshasogezwa, na mabegi yanatupwa moja moja tumboni mwa ndege. Mhudumu alikuwa anakuja kuhakikisha betri za mgonjwa. Meneja amesimama hapo hapo, umbali wa mkono mmoja tu kati yao, anahangaika na mkanda wa kimto. Na bado, Mungu amsamehe, Fundi alisita. Ilimwuma kumpa mtu yule neno, hata la namna hiyo.

"Begi liko wapi?"

Meneja akatazama nyuma aone anayeulizwa ni nani.

Vurugu zilizofuata hazina haja ya kusimuliwa zote. Rubani akaarifiwa, milango ikaachwa wazi, wapakiaji wakaanza kuyatoa mabegi waliyokwisha kuyapanga, na abiria wakasonya safu kwa safu. Mhudumu alisema kwa upole kwamba betri zisipopatikana, mama atashuka. Hapo Fundi akaufungulia ulimi uliokuwa umefungwa muda wote ule. Alimwambia ndugu yake kwamba ni gunia lililovalishwa viatu. Akamwambia hata vigae vya dukani kwao vina akili kumshinda. Watu wa safu ya nyuma wakacheka, na Fundi, haya ndiyo ya aibu, akaona raha. Meneja alisimama anaukodolea macho mrija wa mama.

"Mama aliniambia niliangalie begi," akasema mwishowe. "Dada, nililiangalia. Betri sikuambiwa."

Begi likaletwa. Vifuko vilikuwa chini ya koti kama vilivyowekwa, utepe haujabanduka hata mmoja. Mhudumu akazitazama betri akaridhika. Fundi akabadilisha betri, taa ikarudi kijani, na rangi ikaanza kurudi usoni kwa mama. Lakini ulimi wa Fundi ulikuwa bado na moto. Akainama akamuuliza mama kwa nini hakumfikishia mjinga huyu maneno aliyopewa, tena aliyaeleza yakaelezeka.

Mama akavuta hewa mpaka ikatosha.

"Maneno yako yalikuwa marefu, mwanangu. Pumzi nilikuwa naiweka akiba kwa ajili ya ngazi."

Fundi akafungua kinywa. Mama akamwinulia kiganja, akapumzika, kisha akakipapasa kiti kilichokuwa kando yake, kiti cha Fundi, akamtazama Meneja.

"Kaa hapa, baba."

Fundi alidhani amesikia vibaya. Alisema mama, huyu hajui hata betri inatolewaje, itakapokwisha atafanya nini. Mama akamjibu polepole, akikata kila neno kwa pumzi yake.

"Hajui. Ataambiwa. Nitamwambia mwenyewe, moja kwa moja. Wewe unajua, na alikuwa dirishani hukumwambia." Akafumba macho. "Nenda kwenye kiti chake. Huko nyuma huna wa kumtuma."

Meneja akakaa, kimto kimempinda shingoni, akaanza kumuuliza mama kwa sauti ndogo kitufe cha kufungulia betri kiko upande gani. Fundi alikuwa anakijua. Mhudumu akamwomba apite, kwa sababu milango inafungwa.