Ufito wa Mama Mellen

Nilifika Mogogosiek kwa miguu kutoka Siongiroi, nikakuta Lenah ameshaanza kufunga vyombo. Sufuria ya ugali bado alikuwa ameiacha nje. Nikajua hajakata tamaa yote.

Lenah huchuna majani chai kwenye shamba la kampuni, na nyumba anayolala ni ya kampuni. Walikuwa wameambiwa kwamba kipande cha mwisho kinachochunwa kwa mkono kitaingizwa mashine Jumatatu. Asiyechuna hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba. Alinieleza hayo kama mtu anayesema mvua itanyesha, akanimiminia chai ya rangi, kisha akaniomba niende kwa Mellen, kwa vile mimi nilimjua kabla hajawa Mama Nabii.

Ni kweli nilimjua. Alitoka Kisii mjane kijana, akachuna pamoja na sisi. Siku hizo nyapara akikutaka ukamkataa, unapelekwa mistari ya mlimani yenye majani haba, na jioni unaambiwa wewe ni mvivu. Wanawake walinyamaza, na sisi wanaume pia tulinyamaza. Halafu Rebeccah, Mkipsigis mmoja wa kundi letu, akapelekwa kuchuna mahali dawa ya wadudu haijakauka, na mimba yake ikatoka.

Kesho yake Mellen alichukua ufito wake. Kila mchunaji ana ufito, kijiti kirefu kilichonyooka ambacho anakilaza juu ya vichaka ili mkono usichune chini ya hapo. Mellen aliulaza wake chini, ukakata njia ya kwenda mizani, pale majani yanapopimwa, akasimama nyuma yake. Hakuna mwanamke aliyeuruka. Wakipsigis na Wakisii walisimama upande mmoja, na hiyo huku kwetu si kitu kidogo. Majani yalichacha ndani ya vikapu mpaka kampuni ikakubali kuongea. Wanawake wakapata likizo ya kuzaa, manyapara wengine wakafukuzwa, Mellen akapata rumande.

Huko rumande ndiko alikosikia sauti. Sijui ilisema nini. Alitoka amekonda, akatuambia kwamba amepigania matumbo ya watu na mioyo imebaki vile vile. Akavaa kanzu nyeupe, akaanzisha Kanisa la Umande kule Sosiot. Ufito akaenda nao. Siku hizi anauweka juu ya kichwa cha mgonjwa, na watu wanatoka mpaka Nyamira kuja kuwekewa.

Basi nikaenda Sosiot. Nilimkuta ameketi nje ya kanisa la mabati, amezeeka kama mimi, anachambua mboga.

"Makori," akasema, "hiyo miguu yako bado haijapata wa kuioa?"

Nikamwambia bado inaposwa. Akacheka kidogo. Nilipompa maneno ya Lenah, kwamba aje aulaze ufito njiani kama zamani, hakucheka tena. Alichambua mboga mpaka zikaisha.

"Mimi siku hizi sifungi njia," akasema. "Nafungua." Baadaye akaongeza, "Lakini Lenah aliniletea uji rumande. Mwambie nitakuja."

Jumatatu ilikuwa na ukungu. Wanawake walikuwa wamesimama na vikapu vyao tupu mgongoni, Lenah mbele. Mellen alikuja na kanzu yake, akaulaza ufito pale njia inapoingia shambani, akasimama nyuma yake. Vile vile kama zamani. Nilimtazama usoni nikitafuta yule mwanamke wa mizani, na nilidhani nimemwona.

Trekta ikaleta mashine. Ni kitu kama msumeno mrefu wenye mfuko nyuma, kinashikwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule. Waliokishika walikuwa Kiplimo na Phelix. Walipouona ufito wakasimama, wakaiweka mashine chini. Lenah alinishika mkono wa koti.

Phelix akavua kofia, akapiga magoti mbele ya ufito. Kiplimo naye akapiga magoti. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Phelix ndiye hupiga ngoma kanisani kwa Mellen. Hawa walizaliwa ufito umeshakuwa wa kanisa. Mambo ya mizani hawakuyajua, na hakuna aliyewaambia.

"Mama, tubariki," Phelix akasema. "Ile kazi uliyotuombea ndiyo hii."

Mellen aliwatazama, akamtazama Lenah. Lenah akaachia koti langu. Mwanamke mmoja nyuma alikohoa. Mellen, kanzu imelowa umande mpaka magotini, akainama kama mtu anayeumwa kiuno, akauokota ufito. Aliuweka juu ya kichwa cha Phelix, akauweka juu ya kichwa cha Kiplimo. Midomo yake ilicheza lakini sikusikia sauti.

Vijana walipoinuka, njiani hapakuwa na kitu. Wakasema amina, wakabeba mashine, wakapita pale pale. Ikanguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Majani yakaingia mfukoni, na nyuma yao chai ikabaki imenyooka kama meza.

Wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja. Mellen akamfuata Lenah, akamwomba akubali kuombewa. Lenah akainamisha kichwa, akauacha ufito ukae juu yake, jinsi unavyomwacha daktari akupime wakati ugonjwa unaujua tayari.

"Umemaliza?" Lenah akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Makori, njoo unishikie godoro."

Tulishika godoro, yeye huku mimi kule, tukalitoa mlangoni. Sufuria ya ugali ilikuwa pale nje, maji ya mvua ndani. Lenah akayamwaga, akaiweka juu ya mzigo.