Uzito wa Kichwa cha Nabalayo

Miaka sita Milly, niliyesoma naye chuo cha sanaa, alinitunzia kazi zangu za uanafunzi, na sikumwamini hata siku moja. Mtu hatunzi mali ya mwenzake bure. Mwaka 1997, nilipopata nafasi ya kuonyesha kazi zangu Jinja, nilikwenda mwenyewe hadi kwake Namatala, Mbale, kuzichukua.

Michoro niliikagua mmoja mmoja: mikono ya wachuuzi, migongo ya ng'ombe, uso wa baba. Mistari michanga, lakini mikali. Haukupungua hata mmoja. Hilo nalo likanitia shaka.

Kisha akaleta kichwa cha bibi yangu Nabalayo, nilichokifinyanga chuoni. Hicho ndicho fahari yangu. Mwalimu alituamuru tutoe udongo wa ndani kabla ya kuchoma, la sivyo sanamu zingepasuka. Nilikataa, bibi yangu hakuwa mtungi. Kikatoka tanurini kizima, mwalimu akakifungia kabatini hata sijakishika, Milly akaja kukichukua baadaye, nami nikatangaza kwamba nimemshinda. Mpaka siku hiyo wanafunzi wangu pale Nalufenya, Jinja, niliwafundisha hivyo hivyo.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi kama kibuyu.

"Hiki si changu," nikasema. "Changu umekiuza, ukafinyanga hiki."

Milly hakukasirika. Aliniambia nitazame sikio la kushoto. Lilikaa chini kuliko la kulia, na nyuma yake palikuwa na alama ya ukucha wangu. Kosa langu mwenyewe. Kisha akakipindua. Ndani palikuwa tupu, pamekwanguliwa kwa kijiko.

"Ulikwenda kucheza mpira, bwana msanii. Mimi nikabaki na bibi yako."

"Nani alikutuma?"

"Kingepasuka. Na changu kingechomwa ubavuni pake."

Nilimwuliza mbona alinyamaza miaka yote hiyo. Akasema nilikwisha kutunga shairi la ushindi, beti kumi na mbili, nikalisoma mbele ya darasa zima. Yeye angepitia wapi?

Akaniuliza habari za wanafunzi wangu. Wiki iliyotangulia vichwa vyao vinne vilipasuka tanurini, na nilimfukuza mmoja wao, Wanyama, kwa kumshuku kwamba alitia changarawe kwenye udongo. Nikamjibu Milly kwamba udongo wa Jinja ni mbaya.

Akanisogezea kile kichwa.

Niliingiza mkono ndani ya kichwa cha bibi, nikapapasa mikwaruzo ya kijiko.

"Ukuta uliuacha unene gani?" nikauliza.

Akanionyesha kidole chake kidogo.