Kitanga cha Ushanga wa Samawati

Mstari wa mwisho ulikataa kulala. Mwavita aliusukuma juu kwa kidole, punje moja ya ushanga katikati ya kila nyuzi mbili, akapitisha sindano, akavuta. Punje moja nene ikabaki imetokeza. Akasonya. Akafumua mstari mzima, akaitupa ile nene kwenye kibakuli cha zilizokataliwa, akaanza upya. Haraka alikuwa nayo kweli, maana eda ilikwisha jana na shemeji yake Bulaimu angefika kabla ya adhuhuri. Lakini kitanga, kile kimkeka cha kulia chakula, kikipinda hakibebi sinia, na yeye alitaka hiki kibebe.

Mtambo wenyewe wa kufumia ungekuchekesha. Fito nne za mwanzi zimefungwa kamba pembeni na kuegemezwa ukutani, na juu yake zimetandwa nyuzi za majani ya mti wa mwale alizozisokota mwenyewe pajani. Kule kwao wanaume ndio waliofuma, tena kwa vitanda vya kufumia virefu kuliko mtu, na wangemzomea. Basi wazomee. Mjane aliye ndani ya eda hatoki kwenda msituni kuchagua mti. Hutumia kilichomo ndani, na fito hizo Mwavita alizing'oa kwenye kichanja cha vyombo.

Na kilichokuwamo ndani kwa wingi kilikuwa ushanga. Ushanga gani huo, jamani! Marehemu mumewe, Zuberi, pamoja na mdogo wake huyo Bulaimu, waliununua wote wa samawati, mizigo kwa mizigo, kwa sababu wakati ule kule Nyangwe mwanamke asiyevaa samawati hakujiona amevaa. Walipoushusha Kindu kwa mtumbwi, wanawake wa sokoni walikuwa wamekwisha kuuchoka. Walitaka mwekundu. Ndugu wale wakarudi nyumbani bila hata kuku mmoja, wakagawana hasara nusu kwa nusu. Halafu homa ikamchukua Zuberi, na mkewe akabaki na nyumba, vyungu, na samawati isiyotakiwa na mtu.

Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa shida. Kwa desturi ya watu wa Zuberi, eda ikiisha ndugu wa marehemu huja na mkeka wake kwapani, akautandika ndani. Mjane akila juu yake, amekuwa mkewe. Asiyetaka hufunga vyombo vyake akaenda zake, na nyumba hurudi kwa ukoo. Mwavita hakutaka hili wala lile. Bulaimu hakuwa mtu mbaya: muda wote wa eda hakukosa kuleta samaki, na alikuwa mwepesi wa kucheka. Ila alikuwa na wake wawili tayari, na huyu wa tatu alimtaka kwa kuwa ndivyo inavyofanywa. Mwavita naye aliipenda nyumba ile. Alizaliwa katikati ya vita, akakua akikimbia, na humo ndani ndimo alimojifunza kulala bila kuota vijiji vinavyoungua. Angekwenda wapi?

Jirani yake, Bi Halima, aliyemfundisha kusali, alikuwa amemwambia kwamba Kitabu chenyewe kinakataza kumrithi mwanamke kwa nguvu. Mwavita akamuuliza mbona basi wanarithi. Bi Halima akacheka kicheko cha mtu aliyerithiwa mara mbili.

"Sheria iko musikitini, mwanangu," alisema. "Desturi iko ndani ya nyumba. Wee itafutie desturi mwenzake."

Na mwenzake yuko, kila mtu wa mto anamjua: aliyekula kwenye kitanga cha mtu ni mgeni wake, na mgeni hatandiki mkeka wake katika nyumba ya mwenyeji. Hata wakati wa vita neno hilo lilishikwa. Tatizo ni kwamba Bulaimu naye alilijua. Angeweza kuingia, kutandika, na kumaliza maneno.

Mwavita alifunga fundo la mwisho, akakata nyuzi, akakishusha kitanga kutoka kwenye fito. Kikalala sakafuni sawasawa. Akaweka sinia juu yake, akapakua wali na kuku wa mawese, kwa haraka hata akamwaga mchuzi kidogo.

Bulaimu aliingia na mkeka kwapani, mjomba wake mzee akimfuata kama shahidi. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za mto. Kisha Bulaimu akautoa mkeka kwapani, akatafuta pa kuutandika, na macho yake yakaanguka chini. Pembezoni mwa sinia samawati ilizunguka, mstari kwa mstari, na katikati ya mistari zilipita pembepembe nyeupe za nyuzi tupu za mwale. Akachuchumaa. Akapitisha kidole.

"Shemeji, hii njo ile ushanga yetu?"

"Njo ile."

"Ile wanamuke wa soko walikataa?"

"Ile ile."

Mjomba akakohoa, akasema kwamba yeye ni mzee na kuku anapoa.

"Na mimi nikitandika yangu?" Bulaimu aliuliza, bila kuinua uso.

Mwavita alikuwa amepanga maneno mengi, ya Kitabu na ya desturi. Yote yakamtoka kichwani.

"Utatandika. Nyumba njo ya ndugu yako. Mimi nitafunga vyungu vyangu, nitaenda, sitakutukana." Akamsogezea bakuli la kunawa. "Lakini naogopa kwenda, shemeji. Nakuomba. Kula kwangu."

Bulaimu alikaa vile vile, kidole kwenye kitanga, akihesabu punje au akijifanya anahesabu. Labda alimkumbuka kaka yake pale sokoni, wote wawili na vikapu vyao, wakichekwa. Kisha akainuka, akatoka nje, akauegemeza mkeka wake ukutani juani. Akarudi, akanyoosha mikono, na Mwavita akammiminia maji ya kunawa huku machozi yakimdondoka humo humo kwenye bakuli. Wakala. Mjomba alikula kuliko wote, na akaomba paja.

Maneno yalisemwa mjini, usidhani hayakusemwa. Wake wa Bulaimu peke yao ndio hawakulalamika hata kidogo. Mwavita akatanda nyuzi nyingine kwenye fito zake, na safari hii mlango ulikuwa wazi, mwanga ukimwangukia mkononi.

Alikuwa katikati ya mstari aliposikia mtu amesimama nje. Tangu ndugu yake aijenge nyumba ile, Bulaimu hakuwahi kusimama mlangoni. Alikuwa akiingia tu na kufunua vyungu. Sasa alikuwa juani, begani ana gunia zito linalochakacha, ile nusu yake ya samawati, na jasho likimtiririka.

"Hodi," alisema.

Mwavita alisukuma punje mahali pake, moja moja, akapitisha sindano mpaka ng'ambo, akauvuta uzi ukakaza.

"Karibu, shemeji," alisema. "Ingia."