Nakala ya Machi na Nakala ya Juni

Umewahi kuomba kitu kilichopotea kisipatikane? Bi Mashine aliomba hivyo miaka kumi na miwili, na kilichopotea hakikuwa cha adui yake. Kilikuwa cha mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja.

Mdogo huyo, ambaye naye sasa ni bibi wa watu, mtaani wanamwita Mtunzi. Ndiye aliyetunga ule mchezo wa televisheni wa familia ya fundi saa, sehemu arobaini na mbili, uliokuwa ukiwafanya watu wasahau sufuria jikoni mpaka ziungue. Alitunga kwa mkono, na mwandiko wake ni kama kuku kaparua. Aliyeukazia macho mwandiko huo ni dada yake, mpiga taipu wa kituo cha televisheni, ndiyo maana ofisini wakamwita Bi Mashine. Aliupiga safi, nakala tatu kwa karatasi za kaboni: moja ya mwongozaji, moja ya waigizaji, moja ya kabatini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi wiki nzima.

Kanda za mchezo kituo kilizitumia tena, kikarekodia mpira. Nakala za kabatini zilitupwa siku ya kuhama ofisi. Mtunzi naye macho yakaanza kumpungukia, kwanza herufi, kisha nyuso. Sasa alitaka kitu kimoja tu, asomewe maneno yake walau mara moja. Kila alipouliza, dada alijifanya ametafuta kote, akamjibu, "Yamekwenda na maji, mdogo wangu. Yasahau."

Naye alijua yalipo, au tuseme yalipokuwa. Mwaka wake wa mwisho kazini, kituo kilifungua tovuti, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuipiga upya miswada yote na kuiweka mle. Tovuti ilipokuja kuzimwa, wenzake walisikitika. Bi Mashine alikwenda nyumbani akalala usingizi mzito.

Basi Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, walikuwa kwa Mtunzi. Mwenyewe yuko kwenye kiti chake cha dirishani, chupa ya chai miguuni. Bi Mashine anachagua mchele kwenye sinia. Binti wa Mtunzi, karani wa maktaba ya shule, amesukuma vyombo pembeni na kuweka kompyuta mezani.

"Mama Mkubwa, njoo uone," akasema. "Nimeipata ile tovuti."

"Si ilikufa?"

"Ilikufa. Lakini kuna ghala huko mtandaoni linatunza kurasa za zamani. Mashine zao hupita mara kwa mara, zinanakili ukurasa kama ulivyo siku hiyo, zinauweka na tarehe yake. Wewe unafuta, wao wanao."

"Hao si ghala," Mtunzi akacheka. "Hao ni majirani."

Bi Mashine akalitua sinia chini. Akasogea nyuma ya kiti cha binti, akavaa miwani ambayo hakutaka kuivaa.

"Sehemu ya kwanza," binti akasoma. "Saa ya Ukutani. Umetungwa na..."

Pale kwenye kioo palikuwa na jina la Bi Mashine, la kwake, la baba na la babu, kwa herufi kubwa. Juu ya ukurasa kulikuwa na tarehe mbili. Hiyo iliyofunguka ilikuwa nakala ya Juni. Binti akabonyeza ile ya Machi, mwaka uleule, maneno yaleyale, na jina likawa la mama yake. Akarudi Juni. Akarudi Machi. Hakugeuka kumtazama mama yake mkubwa.

"Mbona kimya?" Mtunzi akauliza. "Au mtungaji nimeshafutwa?"

"Umetungwa na wewe, mama," binti akasema, akisoma ya Machi. "Jina lako hili hapa." Macho aliyainamisha kama mtu aliyemkuta mkwewe anaoga.

Hapo ndipo aibu ilipompanda Bi Mashine, kutoka nyayo hadi masikioni. Mtoto huyu ni yeye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Leo ndiye anayemsitiri.

Binti akaendelea kusoma. Mtunzi alitangulia kila sentensi kwa midomo, kama anayejiimbia, na fundi saa alipomwambia mkewe kwamba saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku, akapiga paja na kufuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Unasikia, dada?" akasema. "Na ulivyohangaika kunitafutia, masikini. Mwenzangu hukuwa na bahati tu."

Afadhali angemzaba kofi.

"Msomee na ya Juni," Bi Mashine akasema.

"Mama Mkubwa, basi."

"Msomee."

Binti akasoma, jina na yote. Mtunzi alikuwa anakoroga chai; kijiko kikasimama ndani ya kikombe.

"Hilo si jina la dada?"

"Ni langu."

"Kituo kilikosea."

"Hakikukosea. Ufunguo wa tovuti nilikuwa nao mimi. Nilikaa saa ya chakula, nikafuta lako nikaweka langu, mara arobaini na mbili. Kisha nikawa nakwambia yamekwenda na maji."

Mtunzi akawa anatafuta mahali pa kuweka kikombe, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

"Juni," akasema mwishowe. "Mei ilikuwa ile sherehe ya kituo."

"Walikupa maua. Ukamshukuru mwongozaji, ukawashukuru waigizaji, ukamshukuru na mama wa chai. Nilikuwa mstari wa pili, na gauni jipya. Nilishaanza kuinuka."

Mtunzi akakumbuka, ilionekana usoni. Hakujitetea.

"Kwa hiyo ukataka uitwe mtunzi."

"Sikutaka. Hata siku ile sikutaka. Kila nikilitazama jina langu pale juu nilitamani ardhi inimeze, ila kulirudisha lako nikaona ni kukiri."

"Sasa ulitaka nini, dada? Miaka yote hii ulikuwa unataka nini?"

Bi Mashine akavua miwani. Akaipangusa kwa upindo wa kanga, kioo hiki, kisha kioo kile.

"Yale majina yanayopanda mchezo ukiisha," akasema. "Alikuwemo mshonaji, alikuwemo mbeba taa. Nilitaka na langu lipande. Hata la mwisho kabisa, hata baada ya dereva."